Kibati

Kwetu jina ni hesabu.
Masika hutangulia, Biira hufuata,
mimi ni Kabugho, binti wa tatu,
na baba yangu Thembo, mvulana wa tano kwao.
Ukituita kwa sauti bondeni
jirani anajua kitanda chetu kilijaa kiasi gani.

Mgodi nao ulihesabu, kwa namna yake.
Ulimpa baba kibati cha shaba,
duara dogo, tundu moja juu.
Asubuhi unakitoa msumarini, unaingia nacho mlimani;
jioni unakirudisha.
Msumari mtupu maana yake kuna mtu bado yuko chini.
Hiyo ndiyo sheria ya kwanza aliyonifundisha,
kabla ya sala, kabla ya kunawa mikono,
na alinifundisha kwa Kiswahili,
maana Kiswahili kwetu kiliingia na buti zake;
alikitoa shimoni kwa Walugbara, Wakiga, Waacholi,
kikakaa mezani karibu na sombe
na hakijaondoka.

Baadaye bei ya shaba ikaanguka, huko inakoangukia.
Ndoo moja ikabaki imening'inia kwenye waya juu ya migomba
miaka yangu yote ya shule,
haiji, haiendi.
Popo wakahamia.
Kila baada ya muda wanakuja wageni wenye kofia ngumu mpya,
wanapima, wanapiga picha, wanakula kuku wa Kyakimwa,
wanaondoka na mawe mfukoni.
Sisi tunasema: mgodi unafunguliwa.
Tunasema kama wengine wanavyosema mvua itanyesha.

Ikanyesha.
Usiku ule Nyamwamba haukuja na maji,
ulikuja na mawe; maji yalikuwa nyuma, yakisukuma.
Ulichukua safu ya pili ya nyumba za kambi,
ukachukua daraja,
ukachukua cherehani ya Biira na gauni la mtu likiwa bado chini ya sindano,
ukaacha jabali kubwa kama lori mahali pa jiko letu.
Asubuhi, kwenye tope la kijani,
niliokota kibati.
Si cha baba.
Elfu mbili mia mbili na sita.

Nilikipeleka Katiri, hawakukijua.
Nikapanda Kyanjuki, mlango kwa mlango.
Wazee walikigeuza, wakataja namba zao wenyewe
haraka, kama watoto wanaoitwa darasani,
wakanirudishia.

Mwisho wa njia, penye mibuni, Ithungu alikuwa anamenya muhogo.
Hakukishika. Alisikia namba, kisu kikasimama.
"Ezati," alisema. "Wa Arua.
Mama yangu hakumtaka. Jina gani hilo, aliuliza,
huyu ni wa ngapi?
Nikamwambia, ni wa kwanza."
Akacheka, akaacha.
"Zamu ya usiku. Asubuhi msumari mtupu.
Ofisini wakaniambia amepanda treni, amerudi kwao.
Nikashuka hadi stesheni Kasese, nikamuuliza mkata tiketi.
Nikarudi kuutazama ule msumari.
Niliutazama mpaka walipong'oa ubao."

Nilitaka kusema kwamba mto husomba kila kitu,
hata vilivyofungiwa kwenye makabati ya ofisi,
kwamba kibati ni kibati tu.
Nilikuwa nimeshafungua mdomo.
Yeye alinawa mikono, akaifuta kwenye kitenge,
akakipokea kama unavyopokea chenji, bila kukihesabu.
"Basi ametoka," alisema.

Nilipita tena wakati wa kuchuma kahawa.
Mbuzi wake mweupe alikuwa na kibati shingoni,
kimefungwa pamoja na msumari,
vinagongana akitembea.
Anapanda juu ya mdomo wa handaki, anakula majani,
elfu mbili mia mbili na sita,
na jioni, Ithungu akiita,
anarudi.